Maji ya Muwa na Fimbo ya Pili

Voi, nyumba za reli
Ijumaa, baada ya sala

Kwa mama yangu Bi. Fatuma, Malindi.

Mama, nakushika miguu nikiwa mbali, na mkono wako naubusu kwa wino kwa kuwa kwa mdomo siwezi. U hali gani? Goti lako limepoa, au bado linakuamsha kabla ya muadhini? Na yule paka mwizi wa papa, bado unamfukuza mchana na kumlisha jioni? Mimi ni mzima, alhamdulillah. Mume wangu Salim ni mzima, ila vumbi la mbao za mabehewa limemkaa kifuani na kila asubuhi hukohoa mpaka jirani akamjibu. Watoto wananenepa. Maji yetu ni ya kuchota mtoni, na vumbi la hapa ni jekundu, hata kanzu nyeupe ya Idi sasa ina rangi ya tambuu iliyotafunwa.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumwachia karani, kwa sababu ina habari za mwanao Athmani, na habari hizo hazifai kupita kinywani mwa mtu wa nje. Huenda zimeshakufikia, maana reli hubeba maneno upesi kuliko mizigo. Ni kweli, Athmani amefungwa. Hakuiba wala hakuua. Alimpiga mzee wa watu kwa fimbo. Basi kaa chini, Mama, mwambie Shangazi akusomee polepole, na usiitupe karatasi hii kabla ya mwisho, kwani mwishoni nina ombi, na hakuna awezaye kulitimiza ila wewe.

Najua uliapa usitajiwe jina lake tangu alipomkataa binti ya Mjomba akaondoka bila kuaga. Najua ulisema radhi yako ameiacha mlangoni. Nimelitaja jina na nitalitaja tena. Utanisamehe, ni wewe uliyenizaa na mdomo huu.

Mwanzo wa mambo yote ni maharagwe. Athmani huendesha punda wa tajiri wake, Muhindi mwenye duka hapa karibu na stesheni. Hupeleka chumvi, mafuta ya taa na nguo hadi Mwatate, na mara nyengine hupanda milimani mpaka Mghange. Siku moja huko Mghange usingizi wa adhuhuri ulimchukua, punda wakaingia katika shamba la mzee mmoja wa Kidawida, hao Wataita wa milimani, aitwaye Mwakio. Walikula maharagwe, na walichokiacha wakakikanyaga. Mzee akaja, akatazama, akasema maneno makali. Athmani naye, unamjua, hakunyamaza. Baadaye wazee wa pale wakawapatanisha, tajiri akapeleka chumvi ya kumridhisha mzee, na kila mtu akasema yamekwisha. Mtu mmoja tu ndiye aliyeona hayajakwisha, naye ni Mzee Mwakio mwenyewe. Sababu yake nitakueleza, na ndiyo iliyonifanya nikose usingizi kwa kuiwaza.

Haukupita muda Athmani akashikwa na homa. Nilimlaza kwangu. Nilimpa uji na mwarobaini, nikamfunika mablanketi ya Salim yote. Mimi nilisema ni homa ya huku, kila mgeni humpitia. Vijana wenziwe wa dukani walikuja kumjulia hali wakasema ni yule mzee wa maharagwe, amemroga, watu wa milimani hawachezewi. Lakini Athmani mwenyewe, alipokuwa akitetemeka pale mkekani na meno yakigongana, hakumtaja mzee. Alikutaja wewe. Hapa sitaki kuzidisha.

Akapona nusu, akarudi kazini. Sasa sikiliza, Mama. Siku ya soko huko Mwatate, alikuwa nyuma ya duka akifunga mizigo. Nyuma yake ukuta wa mabati, mbele yake punda. Akainua macho akamwona Mzee Mwakio anamjia, kashika kibuyu. Hakumsalimu. Alisimama karibu, akanong'ona maneno kwa lugha yao, akainua kibuyu, akajaza kinywa, akampulizia, puu, maji yakamwenea kifuani. Mtoto wa pwani, ametoka kitandani juzi, ameambiwa mzee huyu ndiye aliyemlaza, leo anapuliziwa maji asiyoyajua. Athmani akaichukua fimbo ya punda akampiga. Mzee akaanguka na kibuyu kikapasuka. Akampiga tena. Kisha watu wakaja mbio, na mzee akainuka na mkono umevunjika chini ya kiwiko.

Askari walimleta Voi jioni hiyo hiyo. Mashtaka ni kupiga na kuumiza. Yeye alisema neno moja tu na hakulibadili: "Nilijikinga."

Mama, neno hilo limeniingia kichwani kama wimbo. Wewe husema pilipili usiyoila yakuwashiani, na kweli mimi huwashwa na pilipili za mji mzima, lakini hii ilikuwa ya nyumbani kwetu. Nikamuuliza Salim: mtu akijikinga, serikali humwacha? Salim akasema serikali haimfungi mtu aliyezuia pigo lisimpate. Nikamuuliza, na kama lile halikuwa pigo? Akasema, "Mwanaisha, nipe chai." Nikamuuliza askari wa zamu nilipompelekea Athmani mahamri na mbaazi. Askari akasema lazima uwe na hatari. Nikasema, hatari machoni pa nani? Akachukua mahamri mawili, akatafuna.

Aliyenijibu ni Wakesho. Huyu ni mwanamke wa Kidawida, kwao Mghange, huteremka na ndizi na miwa, na mimi ni mnunuzi wake wa kila wiki. Aliposikia habari yangu alitua tenga lake chini, akakaa juu ya kizingiti changu, akashika kichwa.

"Mama Omari," akaniambia, "huyo mzee hakuwa anaroga. Alikuwa anatasa."

"Kutasa ndiyo nini?"

"Kwetu mtu mzima akikasirika, hata akinyamaza, hata mkipatana, ile hasira inabaki ndani. Na haikai bure. Inatoka peke yake inaenda inashika yule mtu, anakuwa mgonjwa. Sasa mwenye hasira lazima aitoe mwenyewe. Anachukua maji ya muwa, ama pombe kidogo, anatia kwa mdomo, anapuliza nje, anasema maneno ya heri. Hasira inatoka na ile maji."

"Na asipotasa?"

"Basi yule mtu anaumwa. Labda anakufa. Na mzee naye halali."

Nikamuuliza, kwa nini basi asimwambie kijana wa watu kwamba anakuja kumfanyia heri? Wakesho alinitazama kama niliyeuliza kwa nini watu hubisha hodi. "Kwani nani hajui kutasa?" akasema.

Ndipo nilipofahamu, Mama. Yule mzee alisikia kule juu kwamba kijana wa punda anaumwa homa. Akajipima moyoni, akaona bado kuna chembe ya hasira ya maharagwe. Akasema, huyu mtoto wa watu anakufa kwa ajili yangu. Akakamua muwa, akateremka mlima mzima kwa miguu na uzee wake, kuja kumponya. Na mwanao akamvunja mkono.

Siku iliyofuata nilimweleza Athmani. Alikuwa ndani, mimi nje, katikati chuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza uso.

"Ungeniacha nisijue, Dada," akasema. "Ujinga ule ndio uliokuwa kinga yangu."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema karani wa tajiri wake alikuwa amekuja asubuhi, mtu aliyezoea mambo ya kortini, akampanga maneno. Aseme mzee ni mchawi mashuhuri. Aseme alipoanguka alikuwa anainuka tena na kibuyu, ampulizie mara ya pili, ndiyo maana ikaja fimbo ya pili. Karani alisema, "Sema hivyo na utatoka, na mzee ndiye atakayeingia, kwa kuwa serikali ina sheria yake ya wachawi. Na nani atakubisha? Neno la mchawi haliaminiwi, na shahidi mwengine wa fimbo ya pili ni punda tu."

"Na ukweli ni upi?" nikamuuliza. "Alikuwa anainuka?"

Alichukua bakuli la mbaazi akala, na machozi yakawa yanaingia humo humo.

Mama, niliogopa. Nilitaka kumwambia aseme aliyofundishwa, atoke, nimrudishe kwako mzima. Kisha nikamwona moyoni yule mzee yumo jela na mkono wake umefungwa vijiti, kwa kosa la kutenda wema bila kubisha hodi. Nikamwambia ale taratibu, nikaenda zangu.

Siku ya kesi nilifika mapema. Korti ni chumba cha mabati penye meza na bendera. Wanawake hatukuingizwa ndani, lakini dirisha ni la watu wote. Nilisimama hapo na Wakesho, buibui langu limejaa vumbi, kiwiko changu kimeshika fremu mtu asinisukume. Hakimu ni Mzungu wa makamo, shingo nyekundu, mtu mpole kuliko nilivyotarajia. Kiswahili chake ni kile cha kuamuru mapagazi. Alimwambia Athmani, "Wewe napiga mzee kwa nini?" Watu wakainamisha vichwa wasicheke. Baada ya hapo akatumia mkalimani, kijana wa Kidawida aliyesoma misheni, aitwaye Yohana, shati limepigwa pasi mpaka linasimama peke yake.

Alianza Mzee Mwakio. Mtu mwembamba, mrefu, amejifunga shuka, mkono umetundikwa kifuani kwa kitambaa. Alisema maneno mengi kwa lugha yake, taratibu, na kila mara alimtazama Athmani bila chuki. Yohana akageuza: "Anasema alimtemea mate mshtakiwa."

Hakimu akaandika.

Mzee anasikia Kiswahili kidogo. Akaigusa meza kwa mkono mzima. "Si mate," akasema.

"Kama si mate ni nini?"

Yohana akatazama viatu vyake. "Ni mila za zamani, Bwana. Hazina maana."

"Sema," mzee akamwambia, kwa Kiswahili, ili sote tusikie.

Hapo ndipo nilipomhurumia yule kijana. Alikuwa anaona haya mbele ya Mzungu, na mbele ya mzee anaona haya zaidi. Akashusha pumzi akalisema lile neno, kutasa, akalieleza lote kama Wakesho alivyonieleza kizingitini, tena kwa upole, sauti yake imebadilika. Nikajua hapo hapo kwamba huyu naye babake hutasa, na huenda yeye mwenyewe ameshapuliziwa.

Hakimu akaiacha kalamu. Akauliza, "Mzee, ulikuwa na ugomvi na mtu huyu. Ukatoka Mghange kwa miguu, ukamwendea bila salamu, ukampulizia. Hukufikiri atashtuka?"

"Nilisikia anaumwa," mzee akasema. "Nikajua ni mimi. Ningeanza kwa salamu, na hasira bado ninayo? Salamu ningempa baadaye."

Mama, jibu hilo nimelizungusha kichwani siku nzima. Yeye aliona uongo kumpa mtu mkono na moyo haujasafika. Kwake kwanza usafi, halafu salamu. Kwetu mtu asiyesalimu amekuja kwa shari. Basi adabu ya huyu ndiyo iliyokuwa tishio kwa yule.

Wakamgeukia Athmani.

"Mzee alikuwa na silaha?"

"Kibuyu, Bwana."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. "Kibuyu ni silaha?"

"Kwa mtu aliyelala na homa na akaambiwa amerogwa, ni silaha kuliko panga. Panga ningeliona linakuja."

"Ungeweza kukimbia?"

"Nyuma yangu ukuta, mbele yangu punda."

"Ukampiga."

"Nilijikinga."

"Fimbo ngapi?"

"Mbili."

Hakimu akainama mbele kidogo. Nikahisi Wakesho amenishika mkono. "Ya kwanza ya nini?"

"Ya kujikinga. Niliogopa, Bwana, wallahi niliogopa."

"Na leo? Bado unasema mzee huyu ni mchawi? Fikiri kabla ya kujibu. Ukisema ndiyo, kesi itageuka."

Karani wa tajiri alikuwa amesimama ukutani, akakohoa. Athmani hakumtazama. Alitazama dirishani, akaniona mimi na vumbi langu.

"Siku ile nilimdhania mchawi," akasema. "Si mchawi. Alinijia kwa heri, na mimi sikujua. Usilolijua ni kama usiku wa giza."

"Na fimbo ya pili?"

Akaitazama mikono yake. Nikasema moyoni, sema alikuwa anainuka, ndugu yangu, sema. Ndiyo, Mama, nimekwambia niliogopa.

"Alikuwa chini," Athmani akasema. "Kibuyu kimepasuka. Alikuwa ananitazama tu. Ya pili haikuwa ya kujikinga. Ilikuwa ya hasira."

Karani akatoka nje. Mzee Mwakio, Yohana alipomgeuzia maneno yale, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa akikitafuta.

Hukumu ilisomwa jioni. Yohana aligeuza neno kwa neno, na mimi nimeyashika kwa ajili yako. Hakimu alisema sheria humtazama mtu kwa macho aliyokuwa nayo saa ile, si kwa macho aliyopewa baadaye. Kama aliamini kwa moyo safi kwamba anadhuriwa, na mtu mwengine wa hali yake angeweza kuamini vile vile, basi fimbo ya kwanza haina dhambi mbele ya korti, hata kama kilichomjia kilikuwa baraka. Lakini kinga hupimwa kwa hatari. Hatari ikianguka chini, fimbo nayo ishuke. Fimbo ya pili haikuwa na kitu cha kuzuia. Kwa hiyo, kwa fimbo ya pili, miezi miwili, kukata nyasi na kubeba mawe hapa bomani. Akasema ingekuwa mingi zaidi, ila mshtakiwa amelisema mwenyewe jambo ambalo hakuna mtu angeweza kumthibitishia.

Kisha akamuuliza mzee kama ana la kusema.

"Nataka kumaliza kazi niliyoijia," Mzee Mwakio akasema.

Yohana alipogeuza, hakimu akakunja karatasi zake, akasema, "Si ndani ya korti. Nje," akaondoka akavaa kofia.

Basi ikawa nje, barazani, mbele ya askari na mimi na Wakesho na nusu ya watu wa Voi. Wakesho alikamua muwa wake mwenyewe, akayatia maji yake katika kibuyu kingine. Athmani alisimama na askari ubavuni, pingu mkononi. Mzee akataka kushika kibuyu kwa mkono wake wa kulia, mkono uliofungwa, akakumbuka hauwezi. Wa kushoto ukatetemeka. Akatazama huku na huku, macho yake yakaniangukia mimi.

Mama, mimi nilikishika kile kibuyu. Nilikipeleka kinywani mwa yule mzee kama ninavyomnywesha mtoto. Nilimsikia akinong'ona. Sikufahamu neno hata moja, na kudadisi kwangu kote siku ile kulinyamaza. Akapuliza. Maji yakamwenea Athmani usoni na kifuani, na mengine yakaniangukia mimi. Matamu, Mama. Niliyaramba mdomoni bila kufikiri.

Athmani hakuinua mkono. Alifumba macho, akayaacha yamtiririke, na mabega yake yaliyokuwa yamepanda tangu Mwatate yakashuka. Ndipo mzee akampa mkono wa kushoto, akamsalimu, ile salamu aliyoiweka akiba, kwa Kiswahili chake kidogo: "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, Baba," akajibu. Tangu marehemu Baba afe sijamsikia akimwita mtu hivyo.

Watu walipotawanyika mimi nilimfuata Yohana, kwa kuwa yapo yaliyobaki yakiniwasha. Nikamuuliza: kama kibuyu kingekuwa na sumu kweli, fimbo ya pili ingesamehewa? Akasema hapana, mzee alikuwa chini na kibuyu kimepasuka. Na kama mzee angekuwa na kisu lakini ameanguka? Inategemea kisu kimeangukia wapi. Na mtu akimpiga nduguye gizani akidhani ni mwizi? Akasema, "Mama, nina kazi." Nikamwachia. Lakini lipo moja ambalo sikumuuliza, kwa kuwa si la kortini, ni lako: mtu akijikinga na baraka, amejikinga na nini? Nakufikiria wewe unavyoweza kulijibu jambo hilo, ukiwa umekaa na chano cha mchele, bila kuinua macho.

Athmani hajambo. Homa imemwacha kabisa tangu siku ile. Wakesho anasema ni maji ya muwa, Salim anasema ni dawa chungu ya daktari wa reli, na mimi nasema nitazame kwanza. Anakata nyasi asubuhi hata saa sita, na mimi nikipita huinua panga kidogo kunisalimu na askari hujifanya haoni. Mzee Mwakio aliporudi kwao, tajiri wa Athmani alimpandisha juu ya punda mmoja wa wale wale walaji wa maharagwe. Nimesikia punda alimfikisha bila kula kitu njiani.

Nisalimie Shangazi anayekusomea, na asome pole hapa asiruke. Nisalimie Mjomba na umwambie binti yake ninamwombea mume mwema asiyekimbia. Nisalimie Bibi mkubwa, mwambie tambuu alizonipa zimeisha na huku hakuna za maana. Nisalimie mwalimu wangu wa chuoni, kwa herufi hizi ambazo bado zinaegemea upande mmoja kama alivyonionya. Salim na wanangu wanakusalimu, na mdogo, uliyempa jina wewe, amejifunza kutamka "Bibi" na huwaita hivyo mbuzi wote.

Sasa ombi langu. Watu wa milimani wana neno lao na sisi tuna letu. Wao husema hasira ya mkubwa humlaza mdogo kitandani mpaka mkubwa mwenyewe aitoe. Sisi husema radhi. Nimeyatazama maneno hayo mawili huku na huku, kama ninavyotazama kila kitu, na sijaona ukuta baina yake. Athmani hakunituma niandike haya yote. Kanituma swali moja tu, kila nikimpelekea chakula huniuliza lile lile: "Na radhi ya Mama?"

Mzee Mwakio alipigwa fimbo mbili, mkono wake umevunjika, na ametasa.

Wewe, Mama, hukupigwa hata moja.

Nakushika miguu tena, kwa mikono miwili.

Mwanao,
Mwanaisha